Ubao Janja Darasani na Maktabani: Unavyofanya Kazi na Unachodai

Ubao janja ndilo jina lililowakaa wananchi mdomoni, ijapokuwa vitabu vya elimu huuita ubao shirikishi. Ni ubao mpana mweupe, au skrini kubwa mfano wa runinga, unaofungwa mbele ya darasa na kuunganishwa na kompyuta, kisha mwalimu au mwanafunzi akaugusa kwa kidole au kwa kalamu nao ukatii. Kilichoandikwa juu yake chaweza kusogezwa, kukuzwa, kufutwa, kuhifadhiwa na kurudishwa wiki ijayo kama kilivyokuwa. Hapo ndipo unapotofautiana na runinga, ambayo huonyesha tu, na pia na projekta ya kawaida, ambayo humulika picha ukutani bila kuwa na habari na anayeigusa picha hiyo.

Ubao wa namna hii si mgeni duniani. Kampuni ya SMART Technologies ya mji wa Calgary, nchini Kanada, iliuingiza sokoni mwaka 1991. Tangu hapo bei yake imeshuka, skrini zimekuwa kubwa zaidi, na shule ambazo zamani zisingeuwazia sasa hupewa na wafadhili, hukumbukwa na wanafunzi waliosoma hapo, au hupendekeza kwa wazazi kwamba zichangiwe.

Pendekezo kama hilo linapofika mbele ya kamati ya shule au mkutano wa kijiji, swali la kwanza huwa ni bei. Ni swali la haki, lakini si zito kuliko yote. Lililo zito zaidi ni hili: miaka miwili baada ya siku ya makabidhiano, watoto watakuwa wakifundishwa kwa ubao huo saa ngapi kwa wiki? Ubao ukiwa umefungiwa ofisini na kufunikwa shuka usiingie vumbi, jibu ni sifuri, hata kama ulitolewa bure.

Namna ubao unavyotambua mkono

Kujua ubao unavyohisi mguso si mambo ya mafundi peke yao, kwa sababu kila aina ina ugonjwa wake. Mbao za awali zilikuwa na tabaka mbili nyembamba zinazopitisha umeme, zikiwa zimetenganishwa na nafasi ndogo mno. Kidole kikibonyeza, tabaka hizo hugusana, na kompyuta ikajua zilipokutana. Mbao hizo hukubali kuandikwa kwa kitu chochote, lakini uso wake ukichanika haushoneki. Aina nyingine huwa na nyaya nyembamba zilizofichwa nyuma ya ubao, ambazo huhisi sumaku ya kalamu maalumu. Huo haujali kidole hata kidogo. Kalamu zikipotea, umekuwa bubu.

Aina inayoonekana sana leo ina fremu inayozunguka kioo, na ndani ya fremu hiyo mna taa ndogondogo zinazorusha miale isiyoonekana kwa macho, kutoka upande mmoja hadi mwingine na kutoka juu hadi chini. Kidole kinapokatiza miale hiyo, kompyuta hulinganisha iliyokatika kwa urefu na kwa upana, ikapata mahali. Ni ufundi rahisi na wa kudumu. Hata hivyo fremu haitambui kidole kuwa ni kidole. Hutambua tu kwamba kuna kitu kimekatiza. Inzi akitua pembeni ya kioo, au mjusi akipita, ubao huandika kana kwamba umeguswa. Vumbi likijikusanya kwenye kingo za fremu, kalamu huanza kurukaruka, na jua la mchana likiingia dirishani na kuupiga ubao moja kwa moja, miale yake huzidiwa nguvu. Walimu wengi wanaosema ubao umeharibika huwa wanakutana na mojawapo ya mambo hayo matatu, na tiba yake ni kitambaa laini kikavu na pazia.

Kwa sababu hiyo hiyo si busara kuufunga ubao janja ubavuni mwa ubao wa chaki unaotumika kila kipindi. Unga wa chaki huingia kwenye fremu, na kama kuna projekta huingia kwenye feni yake. Shule inayotaka kuwa na mbao zote mbili katika chumba kimoja, jambo ambalo lina manufaa kama itakavyoelezwa, hufanya vyema kuzitenganisha kwa upana wa ukuta, au kutumia ubao mweupe wa kalamu ya wino mahali pa ule wa chaki.

Kuna pia tofauti kati ya ubao unaomulikwa na projekta na skrini inayotoa mwanga wake yenyewe. Projekta hufifia mchana katika darasa lenye madirisha makubwa, na mwalimu akisimama mbele yake kivuli chake hufunika somo. Taa ya projekta nyingi za zamani hudumu kati ya saa 2,000 na 4,000. Skrini za sasa hukadiriwa na watengenezaji kudumu saa 50,000. Mwaka wa masomo una siku 194. Shule ikiutumia ubao saa nne kila siku ya masomo, hiyo ni saa 776 kwa mwaka. Taa ya saa 3,000 itafikia karibu miaka minne. Skrini, kwa hesabu hiyo hiyo, ingepita miaka sitini. Hakuna skrini itakayofika huko, na hilo ndilo fundisho la hesabu yenyewe: ubao hauharibiki kwa kutumiwa. Huuawa na umeme unaorudi kwa kishindo, na vumbi, na tundu la waya lililochokonolewa mpaka likalegea, na mpira uliorushwa darasani saa ya mapumziko. Kuuficha ili usichakae ni kuulinda dhidi ya adui asiyekuwepo.

Unachokifanya darasani

Mfano mmoja wa somo la Kiswahili wafaa kuelezwa kwa kirefu. Mwalimu wa Darasa la Tano anataka wanafunzi wazielewe ngeli za majina. Ameandaa upande mmoja wa ubao orodha ya maneno, na upande wa pili visanduku vyenye majina ya ngeli. Mwanafunzi hutoka, akaligusa neno "kitabu" na kulivuta hadi kwenye KI-VI. Wa pili akalipeleka "mti" kwenye U-I. Mambo huenda vizuri mpaka anapotoka wa tatu na kulivuta neno "kiongozi" hadi KI-VI, kwa kuwa linaanza na ki- na wingi wake ni viongozi. Darasa linagawanyika. Mmoja anauliza kama mtu husema "kiongozi kimefika". Hapana, husema "kiongozi amefika". Neno linavutwa kutoka kwenye kisanduku cha kwanza na kupelekwa A-WA, na mara yule aliyekosea mwanzoni anauliza habari za "kipofu" na "kifaru". Ukifika wakati wa "maji", ubishi mpya huanza, kwani wengine hudai umoja wake upo na wengine hawauoni.

Ubishi huo ndio somo. Mwalimu mahiri angeweza kuuibua kwa kadi za karatasi na mkanda wa gundi, na walimu wengi wamekuwa wakifanya hivyo kwa miaka mingi bila umeme. Ubao unachoongeza ni wepesi wa kukosea: neno likiwekwa pasipo pake halifutwi wala haliandikwi upya, huvutwa tu. Mtoto anayeogopa kuchafua ubao mbele ya wenzake huthubutu zaidi. Tena kazi ya leo huhifadhiwa kama ilivyo, pamoja na makosa yake, na kesho mwalimu huifungua na kuanzia pale darasa lilipoishia, badala ya kutumia dakika kumi kuandika upya yaliyofutwa na zamu ya mchana.

Katika hisabati, umbo la pembetatu huvutwa kwenye kona moja, na wanafunzi wakaona kwa macho kwamba pembe zake zinabadilika lakini jumla hubaki nyuzi 180. Katika jiografia, picha ya kata yao iliyopigwa kutoka angani hufunguliwa, na wanafunzi wakachora juu yake mto, barabara, kisima na mpaka wa msitu, kisha wakalinganisha na ramani ya kitabuni. Katika sayansi, moyo unaopiga huonyeshwa polepole, ukasimamishwa pale valvu zinapofunga. Haya ya mwisho yangewezekana hata kwa runinga, na yafaa kusemwa wazi: ubao unaotumiwa kuonyesha filamu tu ni runinga ya bei kubwa.

Kwa mwanafunzi mwenye uoni hafifu, uwezo wa kukuza maandishi ni msaada wa kweli, mradi aketishwe karibu. Kwa asiyesikia vizuri, maelezo yaliyoandikwa chini ya picha na video ya mkalimani wa lugha ya alama hufungua somo ambalo lingempita. Mahitaji haya hayafai kusubiri yakumbukwe baadaye. Ni sehemu ya sababu za kuununua ubao au kutoununua.

Ushahidi wa waliotangulia

Uingereza ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuzijaza shule zake mbao hizi kwa fedha za serikali, hasa kuanzia mwaka 2003, na kwa kuwa ilitangulia ina ushahidi wa muda mrefu kuliko wengi. Watafiti wa Taasisi ya Elimu ya Chuo Kikuu cha London walizichunguza shule za sekondari za jiji hilo na kutoa taarifa yao mwaka 2007. Waliona kwamba walimu na wanafunzi waliufurahia ubao, lakini katika mwaka wa kwanza hawakupata dalili kwamba matokeo ya mitihani yalipanda kwa sababu yake. Uchunguzi mwingine, uliofanywa katika shule za msingi na watafiti wa Newcastle, uliona nafuu ndogo mwaka wa kwanza, ambayo mwaka wa pili haikuonekana tena. Watafiti hao waliona pia jambo ambalo wanunuzi hawakulitegemea: vipindi vilikwenda kwa kasi zaidi, na muda wa wanafunzi kufanya kazi katika vikundi ulipungua. Macho yote yalikuwa mbele, na mwalimu akawa anazungumza na ubao.

Hata hivyo kulikuwa na taarifa ya tatu, ya mwaka huo huo wa 2007, iliyozifuatilia shule za msingi kwa muda mrefu zaidi. Hiyo iliona maendeleo kwa watoto waliokwisha kufundishwa kwa ubao kwa muda mrefu, na walimu waliokwisha kuuzoea mpaka ukawa sehemu ya ufundishaji wao wa kila siku. Taarifa hizi tatu zikisomwa pamoja hazipingani. Ugeni wa kifaa huwavutia watoto kwa majuma machache, kisha huisha. Kinachobaki baada ya ugeni ni ufundi wa mwalimu, nao huhitaji muda.

Kwa hiyo siku moja ya semina, ambayo fundi wa kampuni huonyesha vitufe na kuondoka, haitoshi. Tanzania tayari ina utaratibu unaofaa zaidi, nao ni MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao, au katika kituo cha walimu cha kata, wakaandaa somo pamoja, wakalifundisha na kulijadili. Walimu wawili waliouzoea ubao kwa muhula mzima watawafundisha wenzao kumi vizuri kuliko mgeni wa siku moja. Inafaa wawe wawili au zaidi, si mmoja, kwa kuwa walimu huhamishwa, na shule nyingi zimeona utaalamu wote ukipakiwa kwenye gari la mwalimu mmoja na kuondoka naye.

Maktabani

Katika maktaba, ubao una kazi tofauti kidogo. Vitabu vya hadithi vya kutosha darasa zima ni adimu katika shule nyingi za kata, na nakala moja haiwezi kuzungushwa kwa watoto sitini katika kipindi kimoja. Ukurasa ukikuzwa kwenye ubao, wote husoma mstari ule ule kwa wakati mmoja, mwalimu akapigia mstari neno gumu, na mtoto mmojammoja akaalikwa kusoma kwa sauti. Taasisi ya Elimu Tanzania huweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake, na vingi vyaweza kusomwa hivyo pale intaneti ilipo. Pale intaneti isipofika au inaposuasua, msimamizi wa maktaba hutayarisha mapema mahali penye mtandao, akahifadhi kwenye kompyuta vile tu vinavyoruhusiwa kuhifadhiwa. Haki za mwandishi haziondoki kwa sababu kitabu kimewekwa kwenye skrini, na kukipiga picha kitabu cha dukani ukurasa kwa ukurasa ili kukionyesha ni kosa lile lile la kukitoa fotokopi kizima.

Maktaba pia huwa wazi kwa watu wazima, au ingefaa iwe. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania husimamia maktaba za umma katika mikoa na baadhi ya wilaya, na shule zenye chumba cha maktaba zaweza kuwafungulia wakazi saa za jioni kwa makubaliano na kamati. Afisa ugani anayetaka kuwaonyesha wakulima kiwavijeshi vamizi, aliyethibitishwa nchini mwaka 2017, hupata shida kumwonyesha kwa picha ya kwenye karatasi. Kwenye ubao, kichwa cha kiwavi hukuzwa hadi alama yake ya Y iliyogeuzwa juu chini ikaonekana na aliyeketi nyuma kabisa, pamoja na madoa manne yaliyojipanga kama mraba karibu na mkia. Mkulima aliyeziona alama hizo hamchanganyi tena na viwavi wengine, na hanunui dawa isiyo yake. Kijiji kinachoandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi nacho chaweza kuichora mipaka ya malisho na mashamba juu ya ramani mbele ya wote, ikabishaniwa na kusogezwa hapo hapo, badala ya kuletwa ikiwa imekwisha kuchorwa.

Lakini maktaba ni mahali pa utulivu, na ubao hualika mazungumzo. Penye chumba kimoja tu, ratiba ndiyo itakayowapatanisha wanaosoma kimya na wanaokusanyika mbele ya ubao. Kuuweka ubao katikati ya rafu bila kupanga saa zake ni kuwafukuza wasomaji.

Gharama zinazofuata ununuzi

Umeme wenyewe si mzigo mkubwa. Skrini ya inchi 75 hutumia takribani wati 200. Kwa saa nne kwa siku hiyo ni chini ya uniti moja, na kwa siku 194 za masomo ni uniti zipatazo 155 kwa mwaka, bila kuihesabu kompyuta. Kila shule yaweza kuzidisha idadi hiyo kwa bei inayonunulia LUKU na kupata jibu lake. Kinachotisha ni ubora wa umeme. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, stabilaiza yenye uwezo unaolingana na ubao ni sehemu ya ubao, si nyongeza, na waya wa ethi ulio mzima ni wa lazima. Ubao uchomolewe kabisa mvua za radi zinapoanza na shule inapofungwa. Kuuzima kwa rimoti hakutoshi. Shule inayotumia sola itahitaji fundi apime upya betri na inveta, kwani mfumo uliofungwa kwa ajili ya taa za madarasa na kuchaji simu hauwezi kubeba skrini kwa saa nne.

Ruzuku ya uendeshaji chini ya mpango wa elimu bila malipo ulioanza mwaka 2016 ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, ambapo 6,000 hupelekwa shuleni na 4,000 hutengwa kwa ajili ya vitabu. Kwa shule yenye wanafunzi 600 hiyo ni shilingi 3,600,000 za kutosheleza chaki, ukarabati mdogo, mitihani, michezo na mahitaji mengine ya mwaka mzima. Skrini kubwa moja pekee yaweza kumeza kiasi hicho chote na kuzidi. Ni dhahiri kwamba ubao hautanunuliwa kwa ruzuku. Lakini hata ukipewa bure, stabilaiza, LUKU, nondo za madirisha, kufuli na fundi vitatoka mfuko huo huo, na kitu kingine kitapungua.

Ndiyo maana shule ambayo watoto wake bado huketi sakafuni ina haki ya kusema hapana, au si sasa. Mfadhili anayetaka kutoa ubao mahali penye upungufu wa madawati au matundu ya vyoo haudhiwi akiambiwa ukweli kwa heshima. Wengi hawajui mpaka waambiwe. Ubao utakuja baadaye, na utakuwa wa bei nafuu zaidi.

Ukubwa wa darasa nao ni gharama, ingawa hauhesabiwi. Kiwango cha taifa ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, na wakazi wanajua idadi halisi katika madarasa yao. Skrini ya inchi 75 ina upana wa sentimita 166 na kimo cha sentimita 93. Ubao wa chaki mara nyingi huenea karibu ukuta mzima. Mtoto aliyeketi mita nane kutoka mbele ataona vizuri herufi zenye kimo cha sentimita tatu hivi. Zikiandikwa kwa nafasi ya kutosha, ubao huo haubebi zaidi ya mistari kumi na mitano kwa mara moja. Mwalimu aliyezoea kujaza ukuta mzima maelezo ya kunakiliwa atajikuta hana nafasi, na watoto wa nyuma watajikuta hawana somo. Hapa ndipo umuhimu wa kubaki na ubao wa kawaida unapoonekana: maelezo yabaki upande ule, na ubao janja uachiwe kazi ya kuonyesha na kushirikisha. Kimo cha kuufunga nacho kinahitaji kufikiriwa. Ukiwekwa juu sana ili wa nyuma waone, mtoto wa Darasa la Kwanza hafikii. Kwa hiyo mambo ya kugusa na kuvuta hupangwa nusu ya chini, na ya kutazama nusu ya juu.

Shule nyingine huamua kuuweka ubao kwenye stendi ya magurudumu ili uhamishwe toka darasa hadi darasa. Kwenye jengo la sakafu moja lenye korido laini jambo hilo lawezekana. Kwenye shule ambayo kati ya darasa na darasa kuna ngazi, mchanga na mizizi ya mwembe, magurudumu hayo hayatamaliza muhula. Ni afadhali kuteua chumba kimoja chenye nondo na mlango imara, na madarasa yakahamia humo kwa zamu. Ratiba ibandikwe mlangoni, na ufunguo uwe kwa watu wasiopungua wawili.

Kabla ya kamati kupitisha

Mwananchi anayehudhuria mkutano ana maswali machache ya kuuliza kabla hajainua mkono. Dhamana ni ya muda gani, na fundi yuko mji gani? Ubao wahitaji kompyuta ya pembeni au inayo ndani yake, na programu yake ni ya kulipiwa kila mwaka? Programu ya kulipiwa inayokatika baada ya mwaka wa kwanza imeziacha shule nyingi na skrini tupu. Kama ubao una kamera, ni nani anayeweza kurekodi watoto, na picha hizo huenda wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawahusu watoto wa shule kama inavyowahusu wateja wa benki.

Ikiwa ni msaada, uje na hati ya makabidhiano inayotaja namba ya kifaa, na kifaa kiandikwe katika daftari la mali la shule siku hiyo hiyo. Kisichoandikwa hakipotei, kwa maana hakuna anayeweza kuthibitisha kuwa kilikuwapo. Ikiwa ni mchango wa wananchi, ikumbukwe kwamba mchango huo ni wa hiari, na mtoto hazuiwi kuingia darasani kwa sababu mzazi wake hakutoa. Mzazi asiyekuwa nacho cha kutoa bado ana sauti katika uamuzi wenyewe.

Baada ya hapo, kinachohitajika ni daftari la kawaida la mistari. Liwekwe kando ya ubao, na kila mwalimu aandike tarehe, darasa, somo na muda alioutumia, pamoja na hitilafu yoyote iliyotokea. Gharama yake haifiki bei ya sabuni, na ndilo litakalojibu lile swali la saa ngapi kwa wiki. Kamati ya shule ilikague kila robo mwaka pamoja na taarifa ya ruzuku, ambayo hutakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo wa shule. Taarifa hiyo yaweza pia kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukutana angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Daftari likionyesha kuwa ni mwalimu mmoja tu anayeutumia, wengine wapangiwe kujifunza kwake. Likionyesha majuma matupu mfululizo, mwalimu mkuu aulizwe sababu. Ikiwa ni stabilaiza iliyoungua au fundi aliyekosekana, hitaji hilo liingizwe katika mpango wa shule na kupitishwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata mapema. Mwaka wa fedha wa Halmashauri huanza tarehe 1 Julai, na maandalizi ya bajeti yake huanza miezi mingi kabla, kwa hiyo hitaji linalowasilishwa mwezi Juni husubiri mwaka mwingine.